Nilimpeleka Asmaa Mpirani Bila Ruhusa ya Mjomba

Sehemu ya tisa

Wewe uliyelikuta gazeti hili limefungiwa vitumbua, usihuzunike, hujapitwa na mengi. Mimi ni Mwalimu Idd, mtu wa Singida, nafundisha shule ya msingi huku Naipingo, Nachingwea. Nimeoa Mmwera, Hadija, binti wa Nambilanje, upande wa Ruangwa. Tuna mtoto mmoja tu, Asmaa, ana miaka sita. Pikipiki yangu imeshaibwa, mahindi yangu yameshaliwa na tembo, na ubishi wangu bado ninao.

Wiki iliyopita niliwaacha kwenye kikao cha ukweni, Nambilanje. Watu wazima saba tulikaa kwenye mkeka kujadili jambo moja: Asmaa apelekwe lini kuangalia mpira uwanjani kwa mara ya kwanza.

Usicheke. Kwetu Singida mtoto ni wa baba na maneno yanaishia hapo. Huku kusini mjomba ndiye msemaji. Jina la Asmaa alilitoa mjomba. Siku ya kutogwa masikio aliichagua mjomba. Na mjomba mwenyewe ni Ismaily, kaka mkubwa wa Hadija, mtu wa maneno machache anayeongea akiangalia chini.

"Mwalimu," aliniambia siku ile, "mpira upo tu, hauishi. Mtoto ataenda siku nitakayosema mimi, na nitampeleka mwenyewe."

"Siku hiyo lini, kaka?"

"Akishaweza kutaja watu wake."

Nilisema sawa. Wote waliniona nikisema sawa, na Hadija alinishukuru kwa macho. Lakini moyoni nilikuwa nimeshakataa, na leo naungama.

Niliona wivu. Baba yangu ndiye aliyenipeleka mpirani mara ya kwanza, nikiwa na miaka mitano, nimekaa mabegani kwake na miguu yangu ikipiga kifua chake. Baba alishafariki, na kumbukumbu yangu nzuri kuliko zote juu yake ni ile. Sasa mtu mwingine anichukulie siku yangu na mwanangu kwa sababu eti yeye ni kaka wa mama? Nikasema haiwezekani.

Basi Yanga walipotangazwa kuja kucheza Ruangwa, na Hadija akawa ameenda Nambilanje kwa wiki nzima kusaidia kuokota korosho, nikaona Mungu mwenyewe amenifungulia mlango. Jumamosi asubuhi nikampigia Hadija.

"Leo nampeleka Asmaa Nachingwea mjini, apimwe sare za shule."

"Mshike mkono barabarani, baba Asmaa."

"Nitamshika."

Huo ulikuwa uongo wa kwanza na ahadi ya kwanza, na vyote viwili vilinishinda siku hiyohiyo.

Asmaa alivaa gauni la njano na ushungi wa kijani. Mpira anaujua huyo kuliko mimi, ila anaujua kwa masikio. Tangu akiwa na miaka mitatu anakaa na mama yake kando ya redio, anawajua wachezaji kwa majina na anajua nani anapiga kona. Kabla ya kutoka nyumbani aligoma mlangoni.

"Baba, redio."

"Ya nini? Leo tunauona mpira wenyewe."

"Sasa bila mtangazaji tutajuaje nani ana mpira?"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nikatia ile redio ndogo mfukoni, na betri mbili za akiba mfuko wa pili. Hizo betri mtazisikia sasa hivi.

Tulipanda kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, cha kijana mmoja anaitwa Kaimu, tukiwa nyuma na mashabiki wengine wanaoimba. Kaimu alichungulia dirishani.

"Oya mwalimu, dogo naye ni mwananchi wa Yanga?"

"Leo ndiyo anakata utepe," nikasema, nikijisikia mkubwa.

Njiani nikamfundisha. Nilijua mtihani wa Ismaily ni upi, na mimi ni mwalimu, nilitaka aufaulu mbele yangu.

"Ukipotea unasema wewe ni nani?"

"Asmaa Idd."

"Wa nani?"

"Wa Mwalimu Idd wa Naipingo."

"Tena."

Akasema tena. Akasema mara sita, mpaka mama mmoja aliyekaa juu ya gunia akaniambia nimwache mtoto apumue. Nikaridhika. Kwa hesabu zangu, mtihani ulikuwa umeshafanywa na kusahihishwa.

Tulifika Ruangwa mechi imeshaanza kwa sababu tairi la Kaimu lilipasuka njiani. Nje ya uwanja watu walikuwa wengi kuliko nilivyofikiri. Getini palikuwa na foleni mbili za kupekuliwa, wanaume huku, wanawake kule. Nilimshika Asmaa mkono, tukaenda foleni ya wanaume. Askari akanipapasa.

"Hii nini?"

"Redio."

"Na hizi?"

"Betri zake, afande."

"Betri watu wanawarushia waamuzi. Haziingii."

"Afande, mimi ni mwalimu."

"Walimu ndio mnaongoza kwa kurusha. Toka pembeni, kazirudishe ulikozitoa."

Watu nyuma yangu wakaanza kupiga kelele. Hapo askari wa kike wa foleni ya pili akamwona Asmaa. "Mtoto wa kike huyo, mleteni huku, msimbane bure." Akamvuta taratibu, akampapasa kwa utani, akampitisha. Nikamwona Asmaa amesimama upande wa ndani, hatua kumi kutoka kwangu, ananipungia mkono.

"Simama hapohapo!" nikamwambia. "Usitoke!"

Aliitikia kwa kichwa. Nikageuka nimpe mama muuza karanga zile betri anishikie. Mama akauliza nitarudi kuzichukua saa ngapi. Nikamjibu. Akauliza jina langu. Nikamjibu.

Wakati huohuo uwanja ukalipuka. Goli. Sikujua la nani. Niliona tu watu wote waliokuwa getini wanasukumana kuingia, foleni mbili zikawa umati mmoja, na mimi nikabebwa nao bila kutembea.

Nilipopata pa kukanyaga nilikuwa ndani. Mahali aliposimama Asmaa palikuwa na miguu ya watu wazima tu.

Niliita. Jina la Asmaa nililiita hadi sauti ikakatika. Mtu mmoja akaitikia kwa mzaha, wenzake wakacheka. Nikatafuta gauni la njano na ushungi wa kijani. Ndugu msomaji, siku Yanga wanacheza, tafuta gauni la njano na ushungi wa kijani uone. Jukwaa zima lilikuwa njano na kijani.

Niliogopa. Nasema hivyo waziwazi kwa sababu wanaume tunapenda kusema tulichanganyikiwa, tulipagawa. Mimi niliogopa. Nikaanza kusema kwa sauti kama mwehu, "Nitamwambia nini Hadija? Nitamwambia nini Hadija?"

Nilimshika kila mtoto niliyemwona. Mama mmoja alinipiga kofi mkononi kwa kumgeuza mwanawe. Nilirudi getini mara mbili. Nilichungulia chooni. Nilipiga magoti nikaangalia chini ya mabenchi, nikaona viatu na maganda ya miwa.

Dakika ishirini hivi zikapita. Kwangu zilikuwa kiangazi kizima.

Halafu kipaza sauti kikakohoa.

"Tunaomba usikivu. Kuna mtoto wa kike ameokotwa, anaitwa Asmaa, amevaa gauni la njano. Anasema yeye ni wa mjomba Ismaily wa Nambilanje. Narudia, mjomba Ismaily wa Nambilanje, popote ulipo, njoo jukwaa kuu umchukue mtoto wako."

Nilikaa chini. Nililia kidogo, nakiri, mbele za watu.

Kisha nikaanza kusikia vizuri kile kilichosemwa. Wa mjomba Ismaily! Mara sita nimemkaririsha kwenye kirikuu, na aliposhikwa na hofu akataja kile mama yake na bibi yake walichompa tangu ananyonya. Ismaily alitaka aweze kutaja watu wake. Kawataja. Mimi sikuwemo.

Iliniuma, lakini hofu ya pili ilikuja juu yake upesi. Redio yangu, ambayo Asmaa alinilazimisha kuiwasha njiani, ilikuwa bado imewaka mfukoni. Nikasikia mtangazaji wa mechi, aliyekuwa na kipaza sauti chake jirani na kile cha uwanja, anacheka: "Huyo mjomba Ismaily kanogewa na mpira mpaka kasahau mtoto! Wa Nambilanje huko, kama mnasikia, mpigieni simu ndugu yenu!"

Nambilanje nzima inasikiliza mpira kwa redio. Hadija yuko Nambilanje.

Nikakimbia. Jukwaa kuu lilikuwa upande wa pili na katikati kulikuwa na watu wote wa wilaya mbili. Niliomba samahani, nikasukuma, nikatukanwa. Mara nikajikuta nimekwama nyuma ya watu wanaocheza ngoma, na nikarudi nilikotoka. Nilipofika nilikuwa nimepoteza kiatu kimoja.

Chini ya ngazi palikuwa na meza ya huduma ya kwanza, na binti mmoja mwenye kizibao chekundu. Kwenye kizibao kulikuwa na kibandiko cha jina: Agape.

"Nimekuja kumchukua Asmaa," nikasema nikihema. "Mtoto aliyetangazwa."

Agape akatabasamu. "Ah, yule? Ameshaondoka. Mjomba wake amekuja kumchukua."

"Mjomba gani?"

"Si huyo Ismaily aliyetangazwa, alisema ndiye yeye. Muda si mrefu. Nilitaka kumuuliza kitambulisho, lakini mtoto mwenyewe alipomwona tu alipiga kelele mjomba, akamrukia. Ningeuliza nini tena?"

Mtanisamehe, lakini kitu cha kwanza kilichonijia ni kuona aibu. Nikawaza, kumbe Ismaily alikuwa uwanjani muda wote. Kumbe kaniona. Sasa kamchukua mtoto na wanaelekea Nambilanje, na jioni hii kitaitishwa kikao, na mimi nitakaa kwenye ule mkeka nikiwa na kiatu kimoja. Nilikuwa tayari kukaa. Nilikuwa tayari hata kupigwa faini ya mbuzi. Mtoto yuko salama, ndicho nilichokitaka.

Nikatoa simu nimpigie nimwombe radhi. Kabla sijabonyeza, ikaita yenyewe. Ismaily.

"Kaka," nikaanza, "nisamehe sana. Nimekosa. Najua nimekosa."

"Mwalimu." Sauti yake ilikuwa ya chini. Nyuma yake nilisikia majani makavu yakikanyagwa na redio ikitangaza mpira huuhuu. "Nimesikia jina langu redioni. Nimetoka huku pembeni ili mama yake asinisikie. Umempeleka mtoto Ruangwa?"

"Kaka, uko wapi?"

"Niko Nambilanje. Niko shambani kwangu, naokota korosho. Nitakuwa wapi?"

Agape alikuwa ananiangalia, na tabasamu lake lilikuwa linaondoka.

"Mwalimu, nakuuliza. Mtoto umeshampata?"

Hapa, ndugu msomaji, ningeweza kudanganya. Asubuhi nilidanganya bila kutoka jasho. Ningesema nimempata, nikate simu, nimtafute mwenyewe, na huenda ningempata. Nilifungua mdomo niseme hivyo. Ukatoka ukweli.

"Sijampata. Wamempa mtu aliyesema yeye ni Ismaily. Mtoto alimkimbilia, akamwita mjomba."

Redio upande wake ikaendelea peke yake.

"Muulize huyo aliyempa," Ismaily akasema. "Huyo mtu anachechemea?"

Nikamuuliza Agape. Agape akaweka mkono mdomoni.

"Ndiyo. Mguu wa kushoto. Mwembamba, ana kofia ya kiua, ile ya kudariziwa."

"Anachechemea, kaka. Mguu wa kushoto."

Nikamsikia Ismaily anavuta pumzi. "Huyo ni Abdulkarimu. Mdogo wetu wa mwisho."

"Si yule aliyekuja kwenye arobaini ya bibi? Aliyempa Asmaa biskuti?"

"Huyohuyo. Alikuja bila kuitwa, nikamfukuza kabla ya chakula. Uliona namfukuza, ukaniuliza, nikakwambia ni mambo ya shamba."

Nilikumbuka. Nilidhani ni ugomvi wa mikorosho.

"Si mambo ya shamba," akasema. "Mwaka juzi alimchukua Sikuzani, mtoto wa dada yetu wa Marambo. Ana miaka tisa. Alisema anampeleka kwa watu wema akasome. Nani wa kumkatalia? Mjomba huyo, mpwa ni wake. Mama yake alimfungia mtoto nguo kwa mikono yake mwenyewe. Hatujamwona Sikuzani mpaka leo, mwalimu. Kila tukimuuliza anataja mji mwingine."

"Na mimi hamkuniambia?"

"Wewe ni mkwe. Aibu ya ukoo tunamwambiaje mkwe? Hata Hadija tulimwambia Sikuzani yuko shule, anasoma vizuri. Tulikuwa tunamalizana naye kindugu. Mwezi uliopita nikasikia amepanga chumba Ruangwa mjini. Ndipo nikaitisha kile kikao. Sikukataza mpira, mwalimu. Nilikataza Ruangwa."

Maneno hayo yalinikalia kifuani na mpaka leo ninapoandika bado yamekaa. Mtu alikuwa anamlinda mwanangu, na mimi nilikuwa namwonea wivu.

"Sasa nifanye nini, kaka?"

"Geti. Mwambie polisi afunge geti. Kimbia!"

Nikakimbia na simu sikioni. Getini nikamkuta askari yuleyule wa betri. Geti lilikuwa wazi pande zote mbili, kwa sababu zilibaki dakika kumi mechi iishe, na zikibaki dakika kumi geti hufunguliwa wale wa nje nao wapate kuchungulia. Watu walikuwa wanaingia na wengine wanatoka.

"Afande, funga geti! Mwanangu ameibwa!"

Askari akanisogelea haraka, safari hii bila utani. "Ameibwa na nani?"

"Na mjomba wake."

"Mjomba wake." Akalirudia polepole. "Mjomba wa kweli? Tumbo moja na mama yake?"

"Ndiyo, lakini..."

"Mtoto alilia? Alikataa?"

"Hapana. Alimkimbilia."

"Mwalimu, mimi mwenyewe nimezaliwa hukuhuku," akasema, akavua kofia na kujifuta jasho. "Unataka nimkamate mjomba kwa kumchukua mpwa wake? Nikamwandikie kosa gani?"

"Alidanganya jina!"

"Na wewe, mama yake mtoto anajua kwamba umemleta hapa?"

Niliangalia mguu wangu usio na kiatu. Aliniona, akatafsiri anavyojua yeye. Machoni kwake nikawa baba mgeni anayegombana na ukweni, kesi anayoiona kila wiki.

Nikampita, nikatoka nje. Barabara ilikuwa imejaa pikipiki zinazosubiri abiria, injini zinaunguruma. Zilikuwa zaidi ya mia. Nikamuuliza wa kwanza kama ameona mtu anayechechemea na mtoto wa kike mwenye gauni la njano.

"Njano zote zimepita hapa, mzee."

Nikamuuliza wa pili, wa tatu. Wa nne akafikiri kidogo.

"Mwenye kofia ya kiua? Amepanda kwa mwenzangu. Mtoto alikuwa mbele kwenye tenki, ameshika biskuti, anacheka."

"Wameelekea wapi?"

"Sikusikia. Ila mtoto alikuwa anauliza kama baba yake naye anakuja. Yule mtu akamwambia baba yuko nyuma."

Ndugu zangu, nimepatwa na mengi katika hadithi hii. Nimekimbia tembo usiku, nimelala mahabusu kwa kosa la mwingine. Lakini sijawahi kuumia kama nilivyoumia kusikia kwamba aliniulizia, na kwamba alipojibiwa akaridhika.

"Kaka," nikasema kwenye simu, nikilia bila kujificha. "Ameondoka naye. Kwa pikipiki. Kaka, unanisikia?"

Nilisikia majani makavu tena, hatua za mtu anayekuja upesi, kisha Ismaily akinong'ona mbali na simu, "Ngoja, mama Asmaa, ngoja kwanza," halafu simu ikakwaruza ikibadilisha mikono.

"Baba Asmaa?"

Hadija. Alikuwa anahema na kucheka kwa pamoja, kama mtu aliyekimbia na habari njema.

"Tumesikia redioni. Moyo ulinitoka! Nitakusema mimi ukirudi, wewe na hizo sare zako, nitakusema mpaka uchoke. Lakini nimesikia wakisema mjomba ameshafika kumchukua, watu wote shambani wamepiga makofi." Akasimama kuvuta pumzi. "Nikasema, basi, kaka atakuwa amempigia mtu. Kaka huwa hakosi mtu. Mpe simu mwanangu, baba Asmaa. Sina hasira. Nataka nimsikie sauti tu."